Maelezo ya Aliyeshindwa

Nilikuwa nimefunika nusu ya chini ya ukurasa wa kitabu cha sataranji kwa kadi ya posta, kama ninavyofanya siku zote, nikamuuliza Mzia, "Haya mama, Nyeupe inacheza nini hapa?"

"Mfalme anasogea mbele."

Nikateremsha kadi mstari mmoja. Mfalme alikuwa amesogea mbele.

"Basi Tsiala naye ataona hivyo hivyo," Mzia akasema, akijikunyata kwenye kiti. "Kitabu anacho, shangazi. Mji mzima wa Kutaisi unacho."

Mchezo wake na Tsiala ulikuwa umesimamishwa mchana ule. Tsiala, aliyekuwa na Nyeupe, aliandika hatua yake kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha, mwamuzi akaifunga. Ingefunguliwa kesho asubuhi mbele yao wote wawili. Mzia alikuwa amebakiwa na mfalme na ngome. Tsiala alikuwa na mfalme, ngome na askari wawili. Sare ilimtosha Mzia kuingia fainali ya wanawake ya jamhuri, mlango aliokuwa akiubisha tangu amalize shule. Akishindwa, angerudi kuanzia raundi za mtaani.

Mchezo wake tuliupanga kwenye ubao mkubwa, ule niliokuja nao kwa mume wangu pamoja na mashuka na sufuria, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Kujaribu tulijaribia kwenye ubao mdogo wa safari. Ukichanganya mbao hizo mbili utapotea, hujui tena kipi kimetokea na kipi umekiota.

Kitabu kilikuwa wazi kwenye mchezo wa kumi na nne, kwa sababu mchezo ule uliishia karibu sawa kabisa na wa Mzia. Hatua tupu hata gazetini zimo: fulani alikwenda pale, mwenzake akaja hapa. Kitabu chenye maelezo kinakuambia alitaka kwenda wapi akaogopa. Mimi sikuwa na mwalimu. Nimejifunza kwa kukaa jikoni na watu wawili wa karatasi wanaobishana, nami nikibisha nao.

Nugzar aliingia bila kugonga, kama kawaida yake, na mkate wa jibini aliotumwa na mkewe. Ni jirani yetu, na aliwahi kuwa bingwa wa mji.

"Bado mnachimba kaburi?" akauliza. "Mzia, mpe mtu mkono kesho, ukubali umeshindwa, uwahi chakula cha mchana."

"Mjomba, kula mkate wako unyamaze."

"Mimi ninyamaze? Kitabu ndicho kinachosema!" Akagonga ukurasa kwa kidole chenye siagi. "Soma. 'Nyeupe inashinda bila shida.' Mshindi mwenyewe kaandika."

Nikafuta siagi. Kweli iliandikwa hivyo. Katika kitabu kile kila mchezo umeelezwa na wachezaji wote wawili: ya mshindi kwa herufi kubwa, na ya aliyeshindwa chini, kwa herufi ndogo. Klabuni kwetu hakuna anayesoma zile ndogo. Tunasoma ya mshindi, tunafunua ukurasa unaofuata.

"Na huyu wa chini anasemaje?" nikauliza.

"Nani anasoma ya aliyeshindwa?" Nugzar akacheka. "Atasema alikuwa na mafua."

Nikaiondoa kadi. Mzia akainama akasoma kwa sauti: "'Nilimpa mkono. Ngome yangu ilikuwa karibu mno. Kama ingekuwa mbali, bado sina hakika.'"

"Sina hakika ya nini?" Mzia akasema, na tayari mkono wake ulikuwa kwenye ubao mdogo. "Mbali wapi, shangazi?"

"Sijui. Tuanze na mbali kuliko kote."

Akaiweka ngome pembeni kabisa, kwenye kona ya upande wa pili, mbali na askari wote. Mfalme wake akamsimamisha mbele yao. Ilionekana kichekesho, kama mlinzi aliyekimbia lindo.

Nugzar akavuta kiti. "Nipe Nyeupe. Nitakuonyesha 'bila shida' maana yake nini."

Akasogeza mfalme. Mzia akamtishia kwa ngome kutoka ubavuni. Mfalme akajificha, ngome ikarudi konani. Nugzar akaja upande mwingine. Ngome ikateleza mstari wa chini, ikamtishia kutoka nyuma.

"Ngoja, nimekosea. Rudisha."

Tukarudisha. Akajaribu tena kwa subira zaidi, na ngome ile ya konani ikamfikia kila alikokwenda.

"Rudisha!"

"Mjomba, 'bila shida' hiyo inatoka jasho," Mzia akasema.

"Usinichokoze, mtoto. Rudisha." Alikuwa amevua koti. Mkate ulikuwa unapoa na hakuna aliyeukumbuka. Kila alipobuni njia mpya alipiga kelele, "Hii sasa! Hii!" na kila mara nilijikuta nimesimama, nimeshika ukingo wa meza, nikitafuta naye, kwa kuwa kama njia ilikuwepo ni heri aione yeye leo kuliko Tsiala kesho.

Mwishowe akauweka mkono juu ya kipara chake. "Ni sare," akasema taratibu. Kisha kwa sauti ya kusikika uani: "Ni sare, jamani! Yule bwana alimpa mtu mkono kwenye sare! Na sisi miaka yote tunakariri!"

Mzia alinirukia shingoni.

"Na Tsiala ameamini mshindi," akasema. "Atakuja ametulia kabisa."

"Kama bahasha ina mfalme," nikasema. "Na kama ameandika askari wa pembeni?"

Wote wawili wakanigeukia. Tukapanga upya. Nugzar akamsukuma askari wa pembeni hatua moja, Mzia akatishia, mfalme akajificha nyuma ya askari huyo huyo, na safari hii ngome haikuwa na pa kumpata.

"Aha," Nugzar akasema, macho yakimwaka. "Hapa pana kitu."

"Pana jibu pia, lazima," Mzia akasema. "Mfalme wangu arudi kwanza. Au ngome ibaki... hapana. Rudisha."

Tulijaribu mpaka akaanza kusahau zamu ni ya nani. Nikamshika mkono. "Basi. Macho yakichoka yanaona visivyopo. Oga, ule, ulale. Njooni alfajiri, kahawa itakuwa jikoni."

"Shangazi, hatua moja tu!"

"Kesho."

Nugzar alikuwa mlangoni na koti mkononi, bado anautazama ubao. "Mfalme arudi kwanza," alinong'ona. "Mzia, nadhani arudi kwanza."

Nikaufunika ubao mdogo kwa kitambaa, askari wa pembeni akiwa pale pale alipofika.