Zamu ya Kumlisha Ng'ombe wa Karani

Kampuni iliyotengeneza ule mchezo wa kompyuta wa kufuga ng'ombe ilikufa miaka minane iliyopita, ila wachezaji walikataa kuzika. Walibaki arobaini na mmoja, wakaunakili mchezo wote, kijiji na ng'ombe wake, na kuuhamishia kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza ya mmoja wao, fundi cherehani. Kila mtu alilisha ng'ombe wake. Ng'ombe wa Karani, mwenzao aliyefariki, alilishwa kwa zamu. Asiyelishwa hadi saa sita mchana, mchezo humfuta, na akifutwa harudi.

Alhamisi ilikuwa zamu ya fundi. Saa tano na nusu alitoka mara moja kununua vifungo; aliporudi akamkuta mama mkwe wake, anayesubiriwa harusini, amechomoa kompyuta na kuchomeka pasi. Soketi ilikuwa moja tu.

Sasa mkwe utamwambia nini? Fundi, ambaye mdomo wake wateja waliukoma, akatafuta maneno ya adabu.

"Mama, nikunyooshee mimi hilo gauni?"

"Wewe mkwe wangu unipigie pasi? Hebu tuheshimiane."

Akaendelea na marinda, moja baada ya jingine, na marinda yenyewe hayakuwa na idadi.

Saa sita kasoro kumi simu ikalia. Alikuwa nesi, mchezaji mwenzake, naye kunong'ona hajui. "Fundi! Mbona kijiji kimezima? Ng'ombe wa marehemu anakufa njaa!"

Pasi ikabaki hewani. "Ng'ombe gani?" mama mkwe akauliza. "Mmemfungia wapi?"

Fundi akatamani ardhi ipasuke. Akaeleza yote, macho chini, akingoja kuambiwa kwamba binti wa watu ameolewa na mtoto.

"Huyo marehemu alikuwa nani yenu?"

"Hatukuwahi kuonana, mama. Lakini kwa miaka kumi na moja haikupita siku bila yeye kutusalimia mchezoni. Tunamkumbuka sana."

Mama mkwe akachomoa pasi mwenyewe. "Unakaa kunionea haya, mnyama ana njaa! Washa!"

Kompyuta ikawaka kwa mwendo wa kinyonga. Zilipobaki dakika mbili ng'ombe akatokea, mbavu nje. Fundi akakosea kitufe mara mbili. Mama mkwe akampiga kikumbo, akaonyeshwa pa kubonyeza, akamwaga nyasi. Ng'ombe akatafuna. Kwenye simu nesi alishangilia mpaka akakemewa na mgonjwa.

"Alhamisi niandikeni mimi," mama mkwe akasema.

Harusini alikwenda na gauni lililonyooshwa upande mmoja. Waliomtazama mara mbili aliwaambia ana ng'ombe wa marehemu wa kulisha, na hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi.