Sauti Katika Chumba cha Pamba

Tangu afiwe na mume na kubaki na watoto wawili, Violeth hakuwahi kutoka peke yake nyumbani kwa wakwe zake, kijijini Nkoma, isipokuwa kwenda kisimani. Mnadani alikwenda na mama mkwe wake, mayu Sayi, kanisani vilevile. Simu aliyoachiwa na marehemu ndiyo iliyomtoa nje. Rafiki yake Jenifer, mhudumu wa hoteli ya watalii kule Lamadi, alimwingiza kwenye kundi la WhatsApp la watu wazima wanaojifunza Kiingereza.

"Ukiweza kuongea na mgeni, nafasi ya kazi hapa ipo," alimwambia.

Kila jioni mwalimu Martha, aliyekuwa Mwanza, alituma sauti, na wanafunzi wakajibu kwa sauti zao. Violeth alijifungia kwenye chumba cha pamba, akajilaza juu ya lundo la mavuno, mdomo ukikaribia kugusa simu, akanong'ona: "Welcome, sir. Your room is ready." Vumbi la pamba lilimkaba koo, lakini hakuthubutu kukohoa.

Mayu Sayi alimsikia. Alisikia mnong'ono, kisha sauti nyingine ikijibu kwa lugha asiyoijua. Kesho yake baba mkwe, mzee Nyanda, akaita ndugu.

"Mle ndani unaongea na nani?" aliuliza Maganga, shemeji wa Violeth. "Mayu anasema ni mambo ya giza. Mimi nasema ni mwanaume."

Violeth alijua kwamba lolote kati ya hayo mawili laweza kumuua mtu. Alifungua simu, akaziachia sauti zote. Mwanamke alisikika akitamka taratibu, kisha wanaume kwa wanawake wakirudia, mmoja akikosea, wenzake wakicheka.

"Ni masomo, baba. Tunajifunza Kiingereza. Huyo ni mwalimu wetu."

Mayu Sayi akashusha pumzi. Hata Maganga alitabasamu. Violeth akahisi amepona.

"Kiingereza cha kuongea na nani hapa Nkoma?" mzee Nyanda aliuliza kwa upole. "Na ng'ombe?"

Wakacheka. "Na wageni wa hoteli, baba, kule Lamadi," Violeth alisema.

"Kumbe unataka kuondoka."

"Nataka kazi, baba. Nitakuwa narudi."

"Nenda. Hakuna aliyekufunga kamba. Ila watoto ni wa ng'ombe zetu za mahari. Watabaki."

Mdogo alikuwa amelala mgongoni mwake wakati huohuo. Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, akimtazama. Mzee Nyanda akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaitia mfukoni mwa koti lake.

Jioni ile simu ililia ndani ya koti, ujumbe baada ya ujumbe, mpaka chaji ikaisha. Violeth alikuwa akisonga ugali, na kila ilipolia mwiko ulisimama. Baadaye Jenifer alituma habari kupitia mtu aliyekuja kununua ng'ombe: nafasi imepata mtu.

Pamba ikauzwa, chumba kikafagiwa. Siku hizi akiwa njiani kwenda kisimani, Violeth husema sentensi zake kwa sauti kamili, kwa kuwa hakuna tena cha kuficha. Wanawake wenzake humcheka. Mmoja ameshajua kusalimia kwa Kiingereza. Juzi mzee Nyanda alimsikia akizisema huku akipita uani na ndoo kichwani.

"Bado tu?"

"Bado, baba," alijibu, akapita.