Mkono Alioufuata Bibi

Fundi cherehani alinyoosha mkono kwa sababu wenzake wote walinyoosha. Hiyo ndiyo kweli, na hakuna uzi wa kuirembesha.

Ulikuwa mkutano wa wazazi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti alitaka watoto kumi na mmoja wa darasa la sita, ambao bado wanasoma kwa kubabaika, wahamishiwe chumba cha stoo na wasiandikishwe mtihani. "Wanatushushia wastani," alisema. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wanaokubali?"

Fundi alimfikiria binti yake, aliyekuwa wa tatu darasani, na mkono ukapanda. Mwalimu mkuu akaandika, asitie neno.

Langoni, bibi mmoja anayemlea mjukuu asiyesikia vizuri alimshika fundi mkono.

"Ahsante, mwanangu."

"Kwa lipi, bibi?"

"Maneno ya mikutano yananipita. Nilisikia wametajwa wasiojua kusoma, nikajua wanatafutiwa msaada. Nikakutazama wewe. Uliponyoosha, nami nikanyoosha. Nikasema, huyu hawezi kumtakia mjukuu wangu mabaya."

"Haya, bibi," aliitikia, akaondoka upesi kama mwizi wa kuku.

Mchana huo alikata mikono miwili ya shati, yote ya kushoto. Wakati wa kula binti yake akauliza, "Baba, eti ninayekaa naye dawati moja anapelekwa stoo? Nani kasema?"

"Mkutano."

"Mkutano ndio nani?"

Fundi alinawa kabla hajashiba.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu. "Mwalimu, nifutie mkono wangu."

"Mkono haufutwi, fundi." Mwalimu alivua miwani. "Shule hii ni ya umma. Mtoto yeyote akishaingia, hapigiwi kura ya kutolewa. Nilipaswa kusema hivyo palepale, nikamwogopa mwenyekiti. Nikiita mkutano mwingine, utasimama?"

Alisimama, siku ya nne. Bibi alikuwa amekaa karibu na dirisha.

"Tulikubali watoto wetu wafichwe stoo ili namba ipendeze," alisema. "Mimi nilikubali nikijua. Kuna mzazi alikubali kwa kuniamini mimi, akanishukuru, na sikumwambia kitu."

"Fundi siku hizi anashona hotuba," mwenyekiti alisema, na watu wakacheka.

Fundi hakuketi. Ndipo mwalimu mkuu naye akainuka, akaomba radhi kwa kunyamaza kwake, akatangaza kwamba watoto hawahami, mtihani watafanya, na kila alasiri atawasomesha mwenyewe. Hakuna aliyepinga. Wengi walikuwa wanatazama sakafu, na hilo halikumpunguzia fundi chochote.

Alimngoja bibi nje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alikuwa anakaza kilemba chake polepole, bila kumtazama. "Mtoto amebaki darasani, nashukuru. Lakini ungeniambia siku ile ile. Nimekaa siku nne nakuombea dua."

Bibi alishika njia ya kwao. Mwezi uliofuata mjukuu alikuja shuleni na sare mpya, imeshonwa kwa fundi wa mtaa wa pili.