Tairi la Mbele Kushoto

Alhamisi, siku ya soko, Secilia alitandika kitenge chake cha pili mbele ya duka la matairi la shemeji yake, akapiga magoti, akakunja mkono wa blauzi na kuuingiza ndani ya tairi la kwanza. Humo ndani theluji ilikuwa inaanguka. Akautoa mkono, akaukung'uta, akasogea kwenye tairi la pili.

"Hilo la kwanza usihangaike nalo, shemeji," alisema Kristofa kutoka kwenye kigoda chake. "Hilo ni la soda."

Akachomeka mkono wake kwenye tairi la theluji, akachomoa chupa iliyotoka jasho la baridi, akamfungulia.

Kila mtu Lushoto anajua kwamba tairi la mtumba halisahau lilikotoka. Matairi hayo yanashuka bandarini, yanapandishwa mlimani yamefungwa kamba, na kila moja lina hali ya hewa yake tumboni. Mengine yana joto la jangwani, na hayo akina mama huyanunua hata kama hawana gari, kwa ajili ya kukaushia maharage mwezi wa ukungu. Mengine yana upepo wa bahari, na ukilala karibu nayo unaamka na chumvi mdomoni. Mnunuzi mwenye akili hadanganywi na weusi wa mpira. Anaingiza mkono.

Secilia alikuwa mwenye akili. Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa, akazaa mtoto mmoja, akamzika mume mmoja, na katika yote hayo hakuna aliyewahi kumuuzia nyanya mbovu zilizofichwa chini ya nzuri. Siku hiyo alitafuta matairi manne ya gari, Karina nyeupe aliyoachiwa na marehemu mumewe, Zabron. Jumapili inayofuata binti yao, Mchungaji Elinuru, alikuwa anaingizwa kazini katika usharika mmoja wa Mlalo, kanisa ambalo babu yake alilipigia kengele mpaka mikono ikamkakamaa. Zabron alikuwa amesema, tangu binti yuko chuoni: "Akipata usharika, tutampeleka kwa gari letu. Si kwa gari la watu." Zabron alikufa kabla ya siku hiyo, lakini neno lake lilibaki, na Secilia akajifunza udereva na mvi zake kichwani ili neno hilo lisianguke chini.

Kwa hiyo tairi alilolitaka halikuwa la safari moja. Lilipaswa kuustahimili ukungu wa Magamba, na udongo mwekundu wa Malindi ya huku mlimani ambao masika ikikolea huwa sabuni tupu. Lilipaswa pia kustahimili vumbi la kiangazi, na lami ya Mombo inayochoma hata kupitia kandambili.

"Nataka la mwaka mzima," alimwambia Kristofa. "Masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Sitaki kubadilisha tairi kila mawingu yakigeuka."

"Nilijua utakuja, shemeji. Nimekuwekea."

Kristofa alikuwa mdogo wake Zabron, mzee wa kanisa, mtu wa suti ya kahawia siku ya Bwana na ovaroli ya bluu siku nyingine zote. Aliingia ndani, akarudi akivingirisha matairi manne yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Ona kashata hizo. Tembea nazo mpaka mjukuu wako apate leseni."

Secilia alipitisha kidole kwenye kashata, yale matuta ya mpira yanayoshika barabara. Zilikuwa na kina. Kingo zake zilikuwa kali, kali kuliko inavyopasa tairi lililokwishatembea. Akachagua moja. Akaingiza mkono.

Ndani kulikuwa na mvua, na hii haikuwa mvua ya ugenini. Aliijua harufu yake. Kisha mkono wa mtu ukaushika wake.

Ulikuwa mkono mkubwa wa kulia, na kidole cha shahada kiliishia kwenye fundo la kwanza, kwa sababu mashine ya kupasulia mbao ilikula kilichobaki mwaka ule waliooana. Secilia alikaa nao kidogo, kama mtu anayepima uzito wa kitu chake kilichorudishwa.

"Zabron," alisema.

"Karina nzima?" aliuliza Zabron.

"Nzima. Imechoka miguu tu."

"Na mtoto?"

"Jumapili anaingizwa kazini. Mlalo."

Mkono ukabana. Halafu Zabron akasema, kwa Kishambaa na polepole, kwamba tairi hili asilifunge. Lilikuwa tairi la mbele kushoto la gari la kukodi lililompandisha kutoka Mombo, siku ile aliyoiacha Karina nyumbani kwa kuwa matairi yake yalikuwa yamelika. Na tairi la lile gari lilikuwa kipara kilichochongwa kashata kwa kisu cha moto na kupakwa rangi ya viatu. Mvua ilipowakuta kwenye kona za chini ya Soni, tairi halikushika chochote. Gari likaenda korongoni. Yeye alikuwa ameketi mbele kushoto, na alipokata roho akaingia kwenye tairi lililokuwa karibu.

"Na sasa limechongwa tena," alisema Zabron.

Secilia aligeuza kichwa. Chini ya benchi la Kristofa kulikuwa na jiko la mkaa, kisu chenye mpini wa kitambaa, na kopo la rangi ya viatu lililobaki nusu.

"Yumo," alisema Kristofa, bila kuinuka. "Nilitaka kukwambia, shemeji, basi tu shughuli zikanizonga. Nilimkuta wakati nachonga."

"Ukaendelea kuchonga?"

"Nilichonga taratibu."

"Alikwambia nini?"

"Aliniambia niache. Lakini unamjua kaka. Tangu tunachunga mbuzi, kila kitu ni Kristofa acha, Kristofa acha." Akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Shemeji, nikiacha mimi, wa ng'ambo ya barabara atachonga. Watu wanataka tairi la bei wanayoiweza. Na mimi nawaombea. Kila asubuhi nikifungua duka naanza na sala."

Hilo lilikuwa kweli. Secilia, akipita kwenda kuuza maziwa, alikuwa amemsikia mara nyingi, na mara nyingi alikuwa ameitikia amina.

Aliinua macho. Ukutani, juu kabisa, yalining'inia matairi manne ambayo bado yalikuwa na vinyweleo vya kiwandani.

"Yale?"

"Yale mapya. Hayana mtu. Ila bei yake ni ya watu wa ofisini."

"Yashushe."

Kristofa alipanda ngazi, akayashusha. Secilia aliyakagua kama anavyokagua ndama. Alisoma namba za ubavuni zinazotaja juma na mwaka wa kuzaliwa kwa tairi, akaona ni ya mwaka huu. Akaangalia mifereji ya katikati kama ina nafasi ya kutapika maji, na meno ya pembeni kama yataweza kung'ata tope. Akaukandamiza mpira kwa ukucha: haukuwa laini wa kuyeyuka Mombo, wala mgumu wa kuteleza Magamba. Mwisho akaingiza mkono. Ndani kulikuwa kimya. Kwa mbali sana, kwenye msitu wa watu wengine, utomvu wa mpira ulikuwa ukidondoka ndani ya kikombe. Hakuna aliyemshika.

"Nachukua haya," alisema. "Na lile."

"Lile beba tu, shemeji. Nyongeza."

"Mume wangu si nyongeza."

Akafungua pindo la kanga lililobeba plamu za msimu mzima na maziwa ya ng'ombe wawili, akalilipia tairi la Zabron bei ile ile ya mapya. Kristofa akapokea kwa mikono miwili, kwa heshima.

Jumapili mvua ilianza kabla ya jogoo. Secilia alikuwa ameiosha Karina jana yake, akaiosha tena katika mvua, kwa sababu gari linalompeleka mchungaji halitoki nyumbani na tope la juzi. Secilia alimweka Zabron kiti cha nyuma, akamfunga mkanda. Elinuru akatoka amevaa shati jeusi na kola nyeupe, akafungua mlango, akainama na kuingiza mkono ndani ya tairi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mchungaji."

Hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa amemwita hivyo bado. Elinuru alichukua muda mrefu kuinyoosha kola ambayo ilikuwa imenyooka.

Wakapanda. Magamba ukungu ulikuwa umelala barabarani kama ng'ombe, Secilia akawasha taa na kuusukuma taratibu mpaka ukapisha. Mbele ya Malindi lami ilikuwa imekwisha na sabuni imeanza. Magari mawili yalikuwa yamelala ubavu kwenye mtaro, na watu waliovaa nguo za kanisani walikuwa wakiyasukuma, viatu mkononi. Karina ilipita katikati yao ikitafuna udongo na kuutema nyuma. Wale watu waliacha kusukuma wakaitazama, kisha wakaanza kushangilia.

"Gia ya pili," alisema Zabron kutoka nyuma.

"Najua."

"Usiguse breki."

"Zabron, wewe ndiye uliyenifundisha gari?"

"Hapana."

"Basi tulia, utazame mtoto wako."

Elinuru alicheka mpaka akalazimika kushika dashibodi. Kwenye mpando wa mwisho, ule unaowashinda wengi masika, Secilia alinyoosha mgongo kama yuko kwenye benchi la mbele kanisani, akaupanda bila kukanyaga hata mara moja nje ya njia. Mlalo ikajitokeza chini yao, nyumba juu ya nyumba, kengele inalia.

Kanisani ibada ilikwenda kwa utaratibu wake. Mkuu wa jimbo aliposema, "Wazazi wa mchungaji wasimame," Secilia alisimama, akalisimamisha na tairi kando yake, akalishika lisivingirike. Vigelegele vikapigwa mpaka njiwa wa darini wakatoka. Mkuu wa jimbo akashuka, akampa Secilia mkono, akainama, akapandisha joho na kuuingiza mkono ndani ya tairi mpaka kwenye kiwiko.

"Poleni na safari, mzee."

"Tumeshapoa," alisema Zabron. "Tumekuja kwa gari letu."

Alilisema hilo kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma.

Hakuna aliyeuliza ameingiaje humo. Wengi walijua, na wengine walikuwa wameegesha nje matairi ya duka lile lile. Kristofa, aliyepanda alfajiri na wageni wengine kutoka Lushoto, alikuwa amepewa heshima ya kupitisha sadaka kwa kuwa ni baba mdogo wa mchungaji. Alipofika kwenye safu yao, suti ya kahawia imepigwa pasi vizuri, alikisimamisha kikapu mbele ya tairi kwa muda uleule aliompa kila mtu, halafu akaendelea na safu ya nyuma.

Alhamisi iliyofuata Secilia alipita dukani. Idrisa, kijana wa magari ya kukodi ya Mombo, alikuwa akikagua matairi manne yanayong'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hayo ni ya kisu. Ingiza mkono uone."

Idrisa aliingiza mkono. Akasikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Kuna bibi humu," alisema. "Shikamoo, bibi."

Kutoka ndani ya tairi bibi aliitikia, akauliza kama ndizi zake zimefika sokoni.

"Zilifika, bibi," alijibu Idrisa kwa upole. Akatoa mkono, akaupangusa kwenye suruali na kumgeukia Kristofa. "Huyu bibi anaongeza uzito? Mafuta yenyewe unajua yalivyopanda."

"Hata kidogo," alisema Kristofa.

Idrisa akayafunga siku hiyo hiyo.

Watu walimshauri Secilia alijaze tairi lile udongo, apande maua, maana ndivyo tairi lililostaafu linavyofanywa. Alikataa. Mume si kitalu. Alimweka barazani, upande usio na mvua, panapoonekana barabara inayoshuka kwenda Soni, na jioni akishakamua humletea chai, akauweka mkono wake ndani, wakakaa. Binti hupiga simu kutoka Mlalo, na Secilia huinamisha simu mpaka kwenye mpira ili baba amsikie anavyohubiri.

Zabron huyajua magari yanayopita kwa mlio wa matairi yake.

"Ya kisu," husema. Na Secilia huinua mkono wake mwingine kulielekea gari, akawaombea waliomo, kwa sauti, mpaka lipotelee kwenye kona.

"Mazima," husema pengine. Na Secilia hunywa chai.

Jana jioni gari la Idrisa lilishuka limejaa, mama mmoja amempakata mtoto kiti cha mbele kushoto. "Ya kisu," alisema Zabron, na Secilia akaomba. Muda si mrefu gari la Kristofa likapita, yeye na mkewe na watoto, likapiga honi.

Zabron alisikiliza mlio wa matairi.

"Mapya," alisema. "Yote manne."

Secilia alimpungia mkono shemeji yake, kwa kuwa shemeji ni shemeji. Kisha akachukua ndoo na kitambaa, akaenda kuifuta Karina tope la Mlalo, tairi moja baada ya jingine.