Mkwe Aliyekataa Kuonja

Capitoline alipotokea mlangoni kwangu asubuhi ile amevaa viatu vyake vya kanisani, nilijua kuna jambo.

"Mama Vanessa, vaa," akasema. "Leo tunaenda vakansi."

Vakansi! Hapa Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, likizo ni neno la watoto wa shule. Lakini aliyesema ni Capitoline, mama yake Pontien, na Pontien ndiye kijana anayemwoa Vanessa wangu. Jumamosi ya wiki ile ndiyo walikuwa waje kwetu na mahari. Mkwe akikuambia vaa, unavaa.

"Vakansi ya kwenda wapi?"

"Kwenye pombe za ndizi. Tunaanza kwa Umwiza hapa hapa kambini, tunapita Rwekubo, tunamalizia Mbarara. Tunakula, tunaonja, tunarudi."

Nikabaki nimeshika kitenge mkononi kama mjinga. Capitoline mwenyewe ni mpika pombe! Urwarwa wake, ile pombe ya ndizi ya Warundi, watu wanaufuata kutoka vijiji vyote vya kambi, wengine wakiwa na jerikeni mbili mbili. Sasa mwenye pombe anakwenda kutafuta nini kwenye pombe za wenzake?

Jirani yangu Nathalie, ambaye hakuna kinachotokea Nakivale asikijue kabla ya chai, alinivuta kando nikiwa nafunga mlango.

"Mama Vanessa, fungua macho! Umesahau mambo ya kaka yake Pontien?"

Nani angesahau? Mama wa yule mchumba wa kwanza alilewa kwenye ubatizo, akacheza mpaka kitenge kikamwacha, na wiki haikuisha Capitoline akavunja uchumba.

"Anakupima," Nathalie akanong'ona. "Hakuna mutu anakupeleka kunywa siku muzima bure. Ukirudi hapa unayumba, Vanessa haolewi."

Maneno hayo yakaniingia. Mimi ni mtu wa watu, nyumba yangu haijui kukaa tupu, na glasi ya pili ikishuka ninaimba, hilo kila mtu analijua. Nikajiapia: leo nitakunywa kama kuku, mdomo ndani, mdomo nje.

Kwa Umwiza tuliwekewa ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na juu yake kibuyu kilichojaa. Umwiza akapiga funda la kwanza yeye mwenyewe mbele yetu. Ndiyo desturi, kwao Warundi na kwetu Bashi wa Kongo pia: anayekupa pombe anaionja kwanza, ujue hakuna kitu ndani. Asipoonja, unaweka kibuyu chini na unaaga. Watu wa huku tumesikia habari nyingi za sumu.

Umwiza akampa Capitoline kibuyu. Capitoline hakukigusisha hata mdomo. Akanisukumia mimi.

"Anza wewe, mkwe."

Nikaonja kidogo. Umwiza alipoingia jikoni kuongeza maharage, Capitoline akaniinamia: "Iko je?"

"Nzuri."

"Nzuri namna gani?"

"Nzuri tu."

"Haikukwaruzi kooni? Mtama alioutia unausikiaje?"

"Mkwe, minaona ni muzuri kabisa."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeandika jina lake vibaya. Mimi nikashangaa. Kama ananipima ulevi, mbona amekasirika kwamba sinywi?

Rwekubo tulipelekwa na pikipiki mpaka kwa mzee mmoja Mnyankole, kwenye ua nyuma ya maduka. Tukala matoke na mchuzi wa karanga, mzito, wa kukwama kwenye vidole. Pombe yake wao wanaiita tonto. Mzee akaonja, akatoa kikombe. Capitoline akakipitisha kwangu bila kukiangalia, kama mtu anayepitisha chumvi.

Sasa nikaanza kuogopa kweli. Kwa Umwiza labda hakuwa na kiu. Lakini mpika pombe akatae mara mbili? Alipogeuka kuongea na mzee, nikamwaga nusu ya kikombe nyuma ya benchi. Kumbe ana macho kisogoni.

"Unamwaga?"

"Nzi, mkwe. Nzi aliingia."

"Na kabla nzi hajaingia, ilikuwa je?"

"Nzuri."

"Yewe!" Akajipiga paja. "Kila kitu nzuri! Hata nzi alikuwa mzuri?"

Njia nzima ya kwenda Mbarara alitazama barabara tu. Mimi nilikuwa napiga hesabu zisizotoka. Nikinywa, mimi ni mlevi. Nisiponywa, amenuna. Nikisifu, anajipiga paja. Kichwani nilimwona Vanessa wangu amekaa ukumbini na gauni lake, na upande wa pili viti vitupu.

Huko Mbarara tulipanda mpaka Kamukuzi, kwenye bustani moja ya watu wenye pesa, ambapo pombe ya ndizi inauzwa ndani ya chupa zenye karatasi ya rangi ya dhahabu. Kijana mwenye aproni nyeusi akatuletea ugali wa ulezi na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli wanaoupenda Wanyankole. Nikaukoroga nikidhani ni maziwa ya chai. Kisha akaleta glasi mbili zenye shingo ndefu, akamimina kidogo sana, kama dawa ya mtoto.

"Nyabo, hii iko waini ya ndizi, hapana pombe ya kijiji. Kwanza nusa."

Nikanusa. Nikamngoja anywe. Naye akaningoja.

"Anza wewe," nikamwambia.

"Hapana, nyabo. Ni ya nyinyi."

"Ninajua ni yetu. Wewe anza."

"Mimi niko kazini, bosi hataki."

"Basi bosi aje aanze!"

Kijana akamtazama Capitoline amsaidie. Capitoline akachukua glasi yake na kuisogeza mbele yangu, ikawa sasa nina mbili. Mwenye pombe hanywi, mkwe hanywi, wote wamenikodolea macho mimi. Kichwa kikanizunguka, na wala sikuwa nimelewa. Nikashika glasi ya kwanza nikaimeza yote. Nikashika ya pili.

"Iko je?" Capitoline akauliza.

Hapo nikachoka.

"Imekufa! Unataka nisemeje? Wametia sukari ya duka sababu ndizi haikuiva, inakaa mbele ya ulimi, nyuma hakuna kitu! Na ile ya Rwekubo mzee aliongeza maji, nzi au bila nzi. Umwiza ndiye anajua kazi, lakini mtama wake ameukaanga sana, unaacha majivu. Mama yangu alipika kasiksi, pombe hii hii ya ndizi, kwetu Walungu, mimi nilikuwa mgongoni kwake, utanifundisha nini? Sasa vunja uchumba kama unavunja!"

Kijana akarudi nyuma na chupa yake. Capitoline akapiga makofi. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kona ya kitenge.

"Uchumba gani, sha? Tangu asubuhi nangoja unywe kama mtu, useme kama mtu!"

"Haukuwa unanipima?"

"Nilikuwa nakupima. Ulimi. Mdomo wako kambi nzima inaujua."

Kijana alipoondoka, akanieleza kwa sauti ya chini. Siku hizi habari hii anaisimulia mwenyewe kwenye kila msiba, ndiyo maana nami naweza kuisema. Alikuwa anaumwa ini. Daktari wa hapo Mbarara alimwambia asiguse pombe tena, hata tone, hata ya kuonja. Hakumwambia mtu, wala mume wake Barnabé.

"Nani atanunua pombe ya mpishi asiyeonja? Watasema nimetia kitu. Na hii ya Jumamosi, ya mahari, nimeipika kwa pua tu. Sijui iko je, mkwe. Nataka unionjee."

"Mbona hukusema asubuhi?"

"Kwanza nijue kama unajua. Na wewe, nzuri, nzuri, nzuri!"

Tulirudi Nakivale jua bado liko juu ya vilima. Pipa lilikuwa nyuma ya nyumba yake, limefunikwa majani ya migomba. Akachota kikombe, akanipa kwa mikono miwili. Hakuna aliyeonja kabla yangu. Nikanywa.

Ilikuwa inageuka siki.

Nikaiweka ulimini tena, labda ni eshabwe ya Kamukuzi inanidanganya. Siki ile ile. Ningesema nzuri, Jumamosi wazee wangekunja nyuso mbele ya Vanessa. Ningesema mbaya, ningekuwa nimemtukana mkwe nyumbani kwake, kwenye kitu pekee anachojivunia, huku anaumwa. Capitoline alikuwa anatazama mdomo wangu.

"Imepotea, mkwe," nikasema. "Inaenda kwenye siki."

Alilisogelea pipa, akainusa pombe, akainusa tena. Nikasema moyoni, basi, nimeuvunja uchumba mimi mwenyewe, bila hata kulewa.

"Ndizi zingine nimezivundika shimoni," akasema mwishowe. "Zimeiva. Tukikamua kesho alfajiri, tunawahi Jumamosi?"

"Tukikamua wengi, tunawahi. Nitaleta mikono."

Akashika ukingo wa pipa. Hapo hapo Barnabé akatoka ndani akiwa na taulo begani.

"Mama Pontien! Unafanya nini na pombe ya mahari?"

"Imeharibika."

"Nani kasema?"

"Mkwe."

Barnabé akanitazama mimi, akatazama kikombe, akamtazama mkewe.

"Na wewe? Wewe mwenyewe hukuonja?"

Capitoline akainamia pipa kama hakusikia.

"Tumeonja wote wawili, baba," nikasema. "Tena yeye ndiye alianza."

Nikashika upande wa pili wa pipa, tukaliinamisha.