Jeraha la Nusu Shavu

Nimekufa mara ishirini na saba. Nimepigwa risasi, nimesukumwa kutoka ghorofani, nimezamishwa kwenye pipa, na mara moja nililiwa na mamba ambaye hakuonekana, kwa kuwa mamba hatukuwa naye. Kazi yangu ni kuwa adui kwenye filamu za kupigana. Jina langu watu walilisahau zamani, mtaani Adui, sokoni Adui, na mwanangu akiulizwa shuleni yeye ni wa nani, anajibu bila haya: "Wa Adui."

Filamu zetu zina sheria. Ya kwanza, steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Ya pili, adui sharti aongee sana kabla ya kufyatua risasi, ili steringi apate muda wa kujifungua kamba. Ya tatu hakuijua mtu yeyote nje ya kikosi chetu: Steringi wetu hajui kuendesha gari.

Hajui kabisa. Kifua anacho, meno anayo, sauti ya kumtoa nyoka pangoni anayo. Mpe usukani sasa, anaushika kama mtu aliyeombwa ashike bomu. Mimi nilikuwa dereva wa teksi miaka tisa kabla sijaanza kufa. Basi asubuhi nilivaa koti jeusi nikakimbia na gari. Mchana nikavaa koti jekundu la Steringi, kamera ikakaa nyuma yangu, nikajikimbiza mwenyewe. Filamu ishirini na saba, na sijawahi kujikamata.

Majeraha yangu yote yalifinyangwa na Mama Damu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kisanduku cha bati kilichojaa gundi, unga, brashi na chupa za sharubati alizozikoroga na rangi mpaka ukaapa ni damu. Alikuwa na dharau moja kubwa maishani: jeraha lililoachwa nusu.

"Tulia wewe, mdomo kama cherehani," alizoea kuniambia. "Nikiliacha nusu, watu watasema Mama Damu kazeeka."

"Hujazeeka, dada. Ulizaliwa hivyo."

Kofi la brashi. Ndivyo tulivyosalimiana. Jumapili nilikula kwake, na mama yake, ambaye sote tulimwita Bibi, alinitengea kiti changu pale mezani. Mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Kiti kile nilikithamini kuliko ninavyojua kusema.

Siku ile tulikuwa kwenye ua wa ghala lililofungwa. Tunakunywa chai, na mimi, kwa ugonjwa wangu wa kutoweza kuona mtu ametulia, nikamgeukia Steringi.

"Kaka, hebu tuambie. Siku mtoto wako akiugua, utampeleka hospitali kwa kumbeba mgongoni, au utanipigia simu nije nimekuvalia koti?"

Watu wakacheka. Mshika kamera akamwaga chai. Mama Damu naye alicheka, Mungu amrehemu. Steringi hakucheka. Aliweka kikombe chini, akavaa koti jekundu, akamwambia mwongozaji, "Leo naendesha mwenyewe."

"Bwana mkubwa, huyu anatania tu," mwongozaji akasema.

"Ni kutoka hapa mpaka kwenye lile lango. Hata kuku anaweza."

Mwongozaji aliniangalia kwa jicho la kunitukana, kisha akaiwasha kamera.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, koti jeusi mwilini, nikichorwa kwa ajili ya tukio la pili: mkato mrefu wa kisu kutoka sikioni hadi pembeni mwa mdomo. Mama Damu alifika katikati ya shavu, gundi ikamwishia. "Usiguse," akaniambia. "Nafuata nyingine." Akaanza kuvuka ua.

Gari liliguruma, likaruka. Nilimwona Steringi akikanyaga pedali kwa nguvu zake zote, na haikuwa ya breki.

Sitaeleza mlio ule. Nilikimbia, nikapiga magoti, nikamwita Mama Damu. Aliniangalia shavuni, si machoni.

Mwenye kujua gari pale nani? Mimi. Nilimtoa Steringi kwenye kiti, bado ameung'ang'ania usukani, tukampakia Mama Damu nyuma na koti jekundu chini ya kichwa chake, nikaendesha kama sijawahi kuendesha kwenye filamu yoyote. Pale mlangoni mwa hospitali mlinzi aliniona mimi kwenye usukani. Manesi waliniona mimi. Na walipokuja kuniambia kwamba Bibi yuko njiani, nikafanya la kipumbavu kuliko yote. Nilikwenda bombani nikanawa uso. Nilisema moyoni, huyu mama akiniona na damu hii ya sharubati atadhani ni ya mwanawe, ataanguka papa hapa.

Mama Damu alikata roho kabla ya adhuhuri. Polisi walipofika walimkuta mtu ambaye kila mlinzi alimwona akiendesha gari lile, koti jekundu mikononi, uso safi kama wa bwana harusi.

"Nilikuwa kwenye kigoda, nachorwa jeraha," nikamwambia mpelelezi.

"Jeraha liko wapi?"

Mwongozaji ndiye aliyenimaliza. Alieleza kwa upole, kama anayemzika ndugu, kwamba ndani ya gari lile mwenye koti jekundu huwa ni Adui siku zote, kwa sababu Steringi hajui kuendesha. Wengine wote wakaitikia. Siwalaumu sana, sote tulikula kwa uso wa Steringi. Uso ule ukichafuka, kikosi kizima kinalala njaa. Adui huokotwa popote.

Bibi alisimama ukutani akisikiliza. Nilipomsogelea alinyanyua mkono. "Kaa hukohuko," akasema. "Kumbe siku zote hukuwa unaigiza."

Mahabusu, wenzangu walinipokea kwa shangwe. "Adui! Kweli leo umepatikana!" Nikawachekesha, maana asiyechekesha kule hupigwa. Usiku nilihesabu jambo moja tu. Kufungwa nitafungwa, nimeshazoea kushindwa mwisho wa filamu. Lakini Bibi afe akiamini nimemuua mwanawe? Hilo nilishindwa kulimeza.

Mwezi wangu wa tano mahabusu, askari akaniita. Mgeni.

Bibi alikuwa amekaa upande wa pili wa waya, kitambaa kichwani, mkoba magotini. Hakunisalimia.

"Filamu yenu imetoka," akasema. "Sikutaka kwenda. Majirani wakaniambia, nenda mama, ndiyo kazi ya mwisho ya mwanao. Nikaenda. Wao walitazama magari. Mimi nilitazama vidonda."

Nilisogea karibu na waya.

"Yule mwongozaji wenu amemkata mwanangu kwenye picha," akaendelea. "Gari likija, hayumo. Lakini amewaacha watu wanaokimbia. Hofu ya kweli haikodishwi, sivyo? Basi kuna mmoja anatokea kushoto, koti jeusi, anakimbia. Na kwenye gari, koti jekundu bado limekaa, limeshika usukani. Wote wawili, picha moja."

"Mama..."

"Sijamaliza. Huyo wa koti jeusi ana mkato shavuni. Unaanzia sikioni, unafika hapa, unakatika." Akajigusa shavu lake mwenyewe, katikati. "Mwanangu hajawahi kuacha jeraha nusu. Kilichomzuia kulimaliza ni kifo. Na wewe ndiye uliyekuwa unachorwa."

Nililia kama mtoto. Askari akageukia pembeni, huenda alidhani ni mazoezi.

"Nenda kwa mpelelezi, mama," nikasema. "Mwambie aitazame."

"Nimetoka kwake. Ameshaitazama, mara tatu. Anasema ni filamu tu, filamuni lolote huwezekana." Akafungua mkoba, akaufunga. "Kisha akaniuliza kama Steringi ni mrefu vile kweli."

"Ukamjibuje?"

Bibi akasimama, akafunga kitambaa chake vizuri.

"Nikamwambia ni mfupi, na hajui kuendesha gari, ndiyo maana mwanangu amekufa. Na kesho nitarudi kumwambia tena."