Dawa ya Ng'ombe Mgongoni mwa Paka

Paka wa Sintamei alitoka Bungu, milimani kwa Washambaa, ndiyo maana wakamwita Mshambaa. Tangu afike bomani kwao Handeni, panya walikoma kutoboa magunia ya mahindi. Ila alikuwa na viroboto, anajikuna mpaka damu.

Asubuhi moja mume wa Sintamei, Metito, alikuwa anawamwagia ndama dawa ya kupe mgongoni. Akamkamata na paka, akamdondoshea kidogo, pungufu hata ya ile ya ndama mchanga. Akaona ametenda wema.

Mchana paka alikuwa chini ya kitanda, anatetemeka mwili mzima, mate yanamchuruzika. Jirani yao Sadala, aliyekuja kuazima jembe, alichungulia akaruka nyuma.

"Metito, Mshambaa wenu ana kichaa cha mbwa! Muue kabla hajauma mtoto."

Metito akachukua rungu. Sintamei akasimama mlangoni.

"Baba Tiampati, weka hilo rungu chini."

"Mama Tiampati, pisha. Unataka watoto wachomwe sindano?"

"Kichaa gani kinaanza siku ileile uliyompaka dawa? Mnuse mgongo."

"Mimi nimnuse paka?"

"Ng'ombe si unawanusa kila siku!"

Sadala aliangua kicheko. Metito hakucheka. Alimfunika paka kwa shuka nene, akamvuta nje, akainama. Harufu ya dawa ilimpiga puani. Akampigia simu bwana mifugo.

"Umempaka paka dawa ya ng'ombe?" Bwana mifugo alipaza sauti hadi Sadala akasikia. "Hiyo kwa paka ni sumu, hata tone! Mwosheni kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Asijilambe. Mkausheni, apate joto. Nakuja na pikipiki."

Sadala alimwaga maji, Sintamei akasugua, Metito akamshikilia paka ndani ya beseni huku mikono yake ikichanwa na kucha. Bwana mifugo alipofika alimchoma paka sindano ya kutuliza mtetemeko.

"Akiamka kesho, amepona. Zaidi ya hapo siahidi."

Kulipokucha Metito alitangulia kuamka, kabla hata ya kufungua zizi. Mshambaa alikuwa amekaa, dhaifu, analamba maziwa. Alipomwona Metito akasimamisha manyoya na kumfokea, "Khaaa!"

"Ananichukia," Metito akasema.

"Mwache akuchukie," Sintamei akajibu kutoka kitandani. "Wafu hawachukii mtu."